Kimto cha Mguu wa Kushoto

Mimi ni mtu wa ndani. Nalisema mapema ili msomaji asije akatafuta safari humu akanilaumu. Safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya kwa hiari yangu ni kutoka mtaa wetu wa Mafiga kwenda sokoni, na hata hiyo nilikuwa nikiifanya kwa kulalamika. Majirani waliniita mwali. Kwetu Waluguru, msichana akivunja ungo huwekwa ndani mpaka siku ya kutolewa na kuchezewa ngoma, nao walisema mimi niliwekwa halafu wenye kazi wakasahau kunitoa. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na nilicheka pamoja nao, kutoka dirishani.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na baba. Mama alishatangulia. Baba alikuwa dereva wa mkurugenzi wa kiwanda kimoja cha nguo cha hapa Morogoro, tena dereva wa mguu mmoja. Nikiwa mdogo, siku moja alikuwa anamsubiri bosi wake ghalani, robota la kitambaa likaporomoka likamwangukia goti la kushoto. Hospitali waliliunga likaungika, ila halikukunjika tena. Mguu ulibaki umenyooka kama mti wa chandarua. Alitembelea mkongojo, na wote tulijua kazi imekwisha, maana kila gari la siku zile lilikuwa na klachi, na klachi inakanyagwa kwa mguu huo huo.

Kilichomwokoa ni gari. Mkurugenzi aliletewa saluni ya Kijerumani, tayari ya kizamani wakati ule, rangi ya chai ya maziwa, na ilikuwa otomatiki. Pedali mbili tu, breki na mafuta, zote za mguu wa kulia. Baba alikuwa akituigizia maneno ya bosi wake mpaka tunayajua kwa moyo: "Mzee, gari hili halina shida na mguu wako wa kushoto. Kama na wewe huna shida nalo, kesho saa moja."

Hakuwa na shida nalo. Aliliendesha miaka kumi na moja. Shida ndogo ilikuwa moja: mguu ule usiokunjika ulimsumbua ukikaa juu ya sakafu ya bati, unatetemeshwa njia nzima. Nilikuwa kidato cha pili, tunafundishwa kushona katika somo la sayansi kimu, na mwalimu alitaka kila mmoja alete kitu alichoshona mwenyewe. Wenzangu walishona aproni. Mimi nilishona kimto, kwa vipande vya kitambaa cha kiwandani, nikakijaza sufi. Mwalimu aliniuliza ni cha mtoto mchanga? Nikamwambia ni cha mguu wa baba. Alinipa alama nusu, akasema hakina matumizi. Kikakaa pale chini, mahali ambapo magari ya wengine yana pedali ya klachi, na kila nikikitoa nje kukianika kilikuwa na alama ya kisigino chake.

Ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Wale waliokuwa na akili wakati huo wanakumbuka: sabuni za kila rangi zikarudi madukani, mitumba ikamwagwa chini kila kona, na viwanda vikaanza kufungwa kimoja kimoja ili vitafutiwe wenyewe wapya. Cha kina baba kilifungwa pia. Mashine zikabaki zinangojea mwekezaji, magari yakapigwa mnada uani. Malori yaligombewa. Pikapu zikagombewa. Saluni ya otomatiki ikasimama hapo kama binti wa watu aliyekosa posa.

"Hilo gari la wavivu," walisema.

"Tena halisukumiki."

Hilo la pili ndilo lililowakimbiza. Kijana wa leo hatanielewa nisipomweleza. Betri mpya ilikuwa jambo la kusimuliwa, kwa hiyo kusukuma kulikuwa sehemu ya kuendesha. Asubuhi mtaa wa Mafiga uliamshwa na adhana, halafu jogoo, halafu sauti za wanaume, "Moja, mbili, hayaaa," na gari likikohoa. Hakuna aliyeombwa akakataa, hata kama mmenuniana. Gari la klachi unalisukuma, unaachia klachi ghafla, linawaka. La otomatiki unaweza kulisukuma mpaka Dodoma, litakushukuru kwa kulifikisha salama, na halitawaka. Basi mwenye gari kama hilo alionekana mtu anayejitenga na watu.

Baba akalipata kwa sababu hiyo. Na akajitenga na watu kweli. Kila jioni alifungua betri, akaibeba mwenyewe huku anachechemea, akailaza sebuleni juu ya gunia. Kila asubuhi akairudisha. Nilifagia kuizunguka kama mgeni aliyelala. "Gari langu halijawahi kusukumwa," alikuwa akisema, kwa namna ambayo wazee wengine husema hawajawahi kulala mahabusu.

Kila Alhamisi alikwenda Mlali, kwa dada yake na kwenye shamba, na mara nyingi akapitiliza mbele mpaka barabara inapoanza kupanda mlima. Alikuwa ananyoa ndevu siku hiyo. Aliimba bafuni. Na mimi, niseme ukweli ambao sikuusema wakati wake, nilizichukia Alhamisi. Nilipika mapema, nikafunika chakula kwa kawa, nikakaa nikisikiliza kila gari linalopita. Saa kumi na mbili nilishamzika kwenye kona ya Mzinga, njia ya Mlali. Saa moja nilishagawa nguo zake. Saa moja na nusu aliingia na mkungu wa ndizi, anaimba bado, na kukuta binti yake amevimba uso.

"Mama, umegombana na nani?" Baba aliniita mama, kama wazee wanavyowaita binti zao.

"Chakula kimepoa."

"Mimi nakula kilichopoa. Wewe ungekuja na mimi ukakila cha moto kwa shangazi yako."

Sikwenda. Ningekwenda, labda nisingekuwa na cha kuandika.

Mwaka ule masika yalipoanza, gari likaanza kuteleza gia. Injini inanguruma, gari limesimama linakutazama. Wiki hiyo hiyo ikaja habari kwamba mjomba wake baba amefariki huko juu milimani, na baba alitakiwa, si kwa mazishi tu, bali kwa kikao cha ukoo cha kuchagua atakayerithi jina la marehemu. Akapanda lori la wachuuzi wa mboga, mkongojo ukatangulia, yeye akafuatia akisukumwa makalio na utingo. Kabla hajaondoka alituambia neno moja tu kuhusu gari, mimi na mpwa wake: "Fundi alitengeneze."

Huyo mpwa ni mtoto wa shangazi, wa Mlali. Aliuza mitumba sokoni, mcheshi, mwenye haraka, shati lake daima zuri kuliko maisha yake. Kwa utani wetu wa mabinamu aliniita mke wangu, na mimi nikamwita mume wangu asiyeleta nyama. Juma moja baada ya baba kuondoka alikuja na fundi, Mchaga mpole mwenye gereji kando ya reli, aliyekuwa ameshalivuta gari kwake, wakakaa sebuleni karibu na betri.

Fundi akasema, "Dada, gia boksi ya otomatiki mimi siifungui. Nikiifungua sitaijua kuifunga. Kuna mzee Dar anaziweza. Tuitoe, tumpelekee, tumsubiri. Miezi miwili, mitatu."

"Au?" nikauliza.

"Au tunatupa otomatiki, tunaweka gia za kawaida," alidakia binamu yangu. "Mke wangu, Dumila kuna gari kama hili hili, lilipinduka na magunia ya vitunguu. Mbele limekuwa chapati lakini gia boksi nzima. Na pedali, na klachi, kila kitu. Wiki mbili limekwisha. Linapanda mlima, linasukumika, kila fundi analijua. Linakuwa gari la watu."

"Na wewe utalitumia kwenda kuchukua mabelo yako ya mitumba Dar."

"Na mimi nitalitumia. Nakuficha? Mimi mpwa wake."

Fundi aliniangalia. Alikuwa amemwona baba akitembea. "Mzee ataweza klachi?" aliuliza, polepole, kama mtu anayeuliza kama mbwa amefungwa.

Hapo ndipo. Nimekaa kwenye kiti kile kile naandika haya, na hapo ndipo nilipokosea. Nilichotakiwa kusema ni neno moja: hawezi. Badala yake niliona Alhamisi. Niliziona zote zikiondoka, moja baada ya nyingine, na baba amekaa mezani saa kumi na mbili, chakula kinatoka moshi.

Nikasema, "Mimi ni mtoto tu. Mali ya mjomba ni ya mpwa. Ongeeni wenyewe."

Ni kweli, kwetu ndivyo. Ukoo unafuata mama. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, na mwenye sauti kwenye vitu vya baba ni mtoto wa dada yake. Mila hiyo nilikuwa nimeicheka miaka yote, mimi msomi wa kidato cha nne, nikisema ni mambo ya watu wa juu mlimani. Siku hiyo niliikumbuka vizuri sana, mpaka nukta.

Binamu yangu, na hili namsifu, hakupenda kufanya kimya kimya. "Basi mwandikie mjomba. Kuna lori linapanda kesho. Mwambie tunataka kubadilisha, aseme ndiyo au hapana. Wewe ndiye mwenye Kiswahili cha shule."

Kiswahili ndilo somo nililofaulu vizuri kuliko yote. Niliandika usiku huo, mwandiko wa kulala, bila kufuta. Nilimpa pole ya msiba. Nilimsalimia kila mtu kwa cheo chake. Kuhusu gari niliandika: "Gari lipo kwa fundi, linatengenezwa vizuri, ukirudi utalikuta linapanda mlima wowote." Hakuna uongo hata mmoja humo. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote niliyowahi kuifanya na elimu yangu.

Jibu lilirudi kwa mdomo wa utingo: "Mzee kasema sawa. Kafurahi kwa habari ya mlima."

Binamu yangu alichukua sawa hiyo kama ilivyo. Wakaenda Dumila, wakarudi na gia boksi inanuka vitunguu. Siku ya tano au ya sita nilimpelekea fundi chakula, jambo lililowafanya majirani watoke nje kunitazama. Gari lilikuwa juu ya magogo, tumbo wazi. Ile otomatiki ilikuwa imelazwa chini juu ya maboksi, nzito, imetoa mafuta yake mekundu yamesambaa mchangani, na siwezi kusema nilifikiria nini isipokuwa machinjioni. Fundi alikuwa ndani, kichwa chini ya usukani, anapima pa kutoboa tundu la pedali ya tatu. Alitoka akifuta mikono, akanipa mfuko wa plastiki.

"Hivi vimebaki. Havina mahali tena."

Ndani kulikuwa na nati tatu, waya, na kimto.

Nilikipeleka nyumbani. Nilikifua. Kama mtu anavyofua nguo ya marehemu kabla ya kuigawa, lakini hilo nalisema sasa. Siku ile nilijiambia tu kwamba kina grisi.

Baba alirudi baada ya karibu mwezi mmoja, maana mvua ilikuwa imekata barabara juu ya Mlali. Alishuka kwenye lori amekonda, mwenye furaha, na jina la mjomba wake begani: ukoo ulimchagua yeye. Kwa hiyo alitakiwa kupanda mlimani mara kwa mara sasa, kusuluhisha wagomvi na kugawa mashamba. Alituambia hilo akiwa bado barabarani. "Nimewaambia msinitafutie lori. Nina gari linalopanda mlima wowote." Alirudia maneno yangu mwenyewe.

Binamu yangu alikuwa amelileta gari na kulipaki uani, limeoshwa. "Shikamoo mjomba. Tazama mambo."

"Marahaba." Baba akafungua mlango, akaingiza mkongojo kwanza, akakaa, akauvuta mguu wa kushoto kwa mikono miwili kama alivyozoea, akaushusha mahali pake. Tukasikia kiatu kikigonga chuma.

Akainama kutazama. Alitazama muda mrefu. Halafu akaushika mkono wa gia, mrefu, mpya, akautikisa kidogo kushoto na kulia.

"Hii ni nini?"

"Gia za kawaida, mjomba. Si tulikuandikia?"

Baba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Binamu yangu naye akanitazama, na hapo ndipo alipoelewa, nikaona utani ukimtoka usoni kama maji kwenye mchanga.

"Ndiyo," baba akasema. "Mliniandikia."

Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Siku ya nne akaniita uani. "Mama, njoo. Una mikono mizuri wewe, si unashona?" Alikuwa amefunga mpira wa ndala kwenye ncha ya mkongojo. Mpango wake ulikuwa huu: mkono wa kulia ushike usukani, wa kushoto ushike mkongojo na kukanyaga nao klachi, mguu wa kulia ufanye kazi zake. Mkono wa tatu, wa kubadilisha gia, uwe wangu. Nikae kiti cha pembeni, akisema moja nitie moja, akisema mbili nitie mbili.

"Kesho Alhamisi," alisema. "Tutajaribu mpaka Mlali. Utakula cha moto kwa shangazi yako."

Mimi, ambaye nilikuwa nimefanya yote yale ili nisitoke na asitoke, nikakaa kiti cha mbele. Tulifanya mazoezi gari limezimwa. "Moja." "Tayari." "Mbili." "Tayari." Tulicheka hata. Nadhani ilikuwa jioni nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na nilikuwa najua kila dakika kwamba siistahili.

Asubuhi gari halikuwaka. Tangu betri itoke sebuleni kwenda gereji, hakuna aliyekuwa akiifungua usiku. Binamu yangu aliiacha ndani ya gari, gerejini na hapo uani, ikafa. Baba aligeuza ufunguo mara tano, sita. Kimya. Majirani wakasikia kimya hicho kabla yetu.

"Mzee, tusukume?"

Miaka yote walikuwa wameingojea. Walitoka na taulo shingoni, wengine na mswaki mdomoni, wakwe na wadeni, na jirani mmoja ambaye baba hakusalimiana naye tangu mnada, alipolicheka gari hilo. "Karibu Mafiga, mzee," alisema huyo, akaweka viganja kwenye buti. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanamkaribisha.

"Tia mbili," baba akaniambia. Nikatia. Akakandamiza klachi kwa mkongojo. "Moja, mbili, hayaaa," na gari la baba likasukumwa kwa mara ya kwanza, likashika kasi kushuka njia ya bombani. Akauinua mkongojo. Gari lilishtuka, likawaka, likaruka mbele, na mkongojo ukateleza na ncha yake ya ndala ikaingia chini ya pedali ya breki ikakwama hapo. Alikanyaga breki, breki haikushuka. Alikanyaga tena. Breki ya mkono ilikuwa shibiri moja tu kutoka kwenye kiganja changu, na mimi nilikuwa nimeshikilia gia mbili kwa nguvu zote, kwa sababu niliambiwa tia mbili.

Wanawake wa bombani walikimbia, ndoo zikabaki. Tulizipitia ndoo, tukaingia mtaroni pua kwanza. Hakuna aliyeumia. Baba akazima ufunguo. Maji ya ndoo yalikuwa yakichuruzika kwenye kioo, na nyuma yetu watu waliosukuma walikuwa wamesimama mikono bado mbele.

Mtu mmoja akacheka, halafu akaacha.

Binamu yangu alikuja akikimbia kutoka sokoni. Baba alikuwa ameshatoka, ameketi ukingoni mwa mtaro, mguu umenyooka mbele yake. Akampa funguo.

"Chukua, mjomba. Limeshakuwa la miguu yako."

"Mjomba, tutarudisha ile gia. Tutampelekea yule mzee wa Dar."

"Mmeiweka wapi?"

Fundi alikuwa ameiuza kama chuma chakavu.

Baba hakulipanda tena gari lile, hata kama abiria. Ukoo ulimngoja miezi, ukatuma watu, mwishowe ukampa jina mwingine, mwenye miguu. Yeye akabaki nyumbani na mimi. Alikuwa akikaa barazani akitazama njia, mkongojo magotini. Kimto nilikiweka juu ya kigoda ili auegemeze mguu. Alikisogeza taratibu kwa ncha ya mkongojo mpaka kikaanguka, akaweka mguu juu ya mbao. Nilikiokota, nikakiweka ndani ya sanduku, na humo kipo.

Miaka si mingi baadaye magari ya mitumba yakaanza kushushwa kutoka Japani, na karibu yote otomatiki. Leo Morogoro nzima inaendesha gari la wavivu. Kila kona ina fundi wa gia hizo, mafuta yake mekundu yanauzwa hata kwenye kibanda cha vocha. Binamu yangu analo moja, anapanda nalo mpaka juu, mguu wa kushoto hauna kazi. Mara moja alianza kunitania, "Mke wangu, hebu nishonee kile…" akajikatiza, akaangalia pembeni.

Siku moja tu baba alizungumza. Ilikuwa Alhamisi, ingawa Alhamisi zilikuwa zimeshafanana na siku nyingine. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake la milimani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya goti lake zima.

"Hii uliandika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

Aliisoma yote tena, midomo ikicheza, mpaka mwisho, mpaka salamu.

"Mwandiko mzuri," alisema.

Akaikunja kama ilivyokuwa, akanirudishia, akaomba chai. Nilimletea ikiwa ya moto. Siku zile kila kitu nyumbani kwetu kililiwa cha moto.